Gari linakimbia lenyewe, breki hazishiki: anza kutafuta chini ya mguu

Mama mmoja muuza nguo alifika gereji yetu hapa Mbale, mashariki mwa Uganda, Toyota Premio yake ikiwa juu ya bredauni, lile gari la kubebea magari mabovu. Hakutaka hata kugusa ufunguo. "Fundi, gari hili lina pepo," aliniambia. "Nikiacha mafuta linakimbia. Nikikanyaga breki linakimbia." Niliinama mlangoni na tochi ya simu. Chini ya pedali ya mafuta palikuwa na kipande cha zulia la sebuleni, jekundu, kimekatwa kwa mkasi, na pembe yake moja ilikuwa imejikunja juu kama ulimi na kuishika pedali isirudi. Nilikivuta nje. Nikakanyaga mafuta mara kumi, pedali ikarudi mara kumi. "Mama, pepo mwenyewe ndiye huyu." Hakucheka, na sikumlaumu. Alikuwa ametoka kuingia mtaroni akikwepa boda.

Yafuatayo ni malalamiko yanayonifikia kila mara, nimeyapanga kwa dalili anazozisikia dereva. Kila dalili inaanza na sababu ya kawaida kabisa, ile unayoweza kuikagua mwenyewe bila spana, ndipo tushuke kwenye zile za fundi.

Kama limekutokea ukiwa njiani

Kuna dharura mbili ambazo watu huzichanganya, na dawa zake zinapingana.

Ya kwanza: injini inanguruma na gari linaongeza mwendo ingawa mguu umeuondoa kwenye mafuta. Hapa kanyaga breki kwa nguvu zako zote na ushikilie. Usipampu. Bustaa inayokusaidia kukanyaga breki hutumia mvuto wa hewa kutoka kwenye injini, na koo la injini (mlango wa hewa inayoingia injini) likiwa wazi kabisa mvuto huo karibu unakwisha. Bustaa inabaki na akiba ya kukanyaga mara mbili tatu. Ukipampu, akiba imeisha, na pedali inakuwa ngumu kama jiwe wakati unaihitaji. Breki ukiwa umeishikilia, tia gia nyutro. Kwa gari la manyua (la kubadili gia kwa mkono), kanyaga klachi. Injini itapiga kelele ya kutisha. Iache ipige. Magari mengi ya sasa yana kizuizi cha mizunguko, injini isizunguke kupita kiasi, na hata ikifa, injini nyingine inanunuliwa. Sogea pembeni, simama, ndipo uzime.

Usizime gari likiwa kwenye mwendo kwa kurudisha ufunguo mpaka mwisho, kwa sababu usukani unaweza kujifunga. Ukilazimika kabisa, rudisha hatua moja tu. Kwa gari la kuwashwa kwa kitufe, kugusa mara moja hakutoshi: bonyeza na ushikilie kama sekunde 3. Mwenye gari la kitufe afungue kitabu cha gari lake leo, gari likiwa limesimama, ajue lake linataka nini.

Ya pili: injini iko sawa, lakini pedali ya breki imezama mpaka sakafuni. Hapa ndipo unapopampu, harakaharaka, mara tatu nne au zaidi, kwa kuwa unaweza kurudisha presha kidogo. Shusha gia moja moja, hata kwenye otomatiki (L, 2, au upande wa alama ya kutoa). Vuta handibreki polepole huku umebonyeza kitufe chake, uilegeze tairi za nyuma zikianza kuburuzika. Taa za hatari, honi, na utafute mpando au ukingo wa udongo wa kujisugua. Usizime injini, maana ndiyo inayokupa breki ya gia.

Kama kuna mtu ameumia, namba ya polisi hapa Uganda ni 999 au 112.

Mwendo unapanda bila kukanyagwa

*Kapeti.* Sichoki kulisema. Kapeti lisilo la gari hilo, kapeti la mpira lililowekwa juu ya lingine, chupa ya maji iliyobingirika kutoka chini ya kiti. Kapeti la dereva lazima lifungwe kwa ndoano zake, na liwe moja. Mambo haya hayatokei kwetu tu. Agosti 2009 huko California, Lexus ES 350 iliyokuwa imewekewa kapeti la aina nyingine ya Lexus ilikimbia bila kusimama na kuua watu wanne. Baada ya hapo Toyota, wanaotengeneza Lexus, iliita mamilioni ya magari yarudi kurekebishwa kwa ajili ya makapeti na pedali zinazonata.

*Mguu.* Hakuna anayependa kuambiwa hili. Lakini ukisikia "nilikanyaga breki likazidi kukimbia", na gari lilikuwa likitoka kwenye maegesho au likirudi nyuma, na pedali zote ukizikagua ziko huru, mara nyingi mguu ulikuwa kwenye mafuta. Viatu vikubwa vya mvua, sandali zinazoteleza, dereva aliyegeuka nusu mwili kuangalia nyuma. Breki zisizo na hitilafu za gari dogo zina nguvu ya kuishinda injini yake. Kwa hiyo mtu anaposema alikanyaga breki kwa nguvu zote na gari likaendelea kuchapa mwendo, mimi huuliza kwanza kuhusu viatu.

*Kebo ya mafuta na koo la injini.* Magari ya zamani yana waya wa chuma kutoka kwenye pedali. Vumbi la barabara za udongo likiingia ndani ya ganda lake, waya unanata. Zima injini, kanyaga pedali hadi chini, achia ghafla. Inapaswa kurudi kwa kishindo kidogo, "tak". Ikirudi kwa uvivu, fungua boneti na uzungushe kwa mkono gurudumu dogo ambako kebo inafika. Likizunguka laini na kurudi lenyewe, kosa liko kwenye kebo, badilisha. Likikwama, koo limejaa masizi, lifunguliwe na kusafishwa. Msipake grisi ndani ya kebo. Grisi hushika vumbi, na mwezi ujao mtarudi mlipoanzia.

*Kidhibiti mwendo.* Baadhi ya magari kutoka Japan yana kitufe cha kushikilia mwendo kwenye usukani, na mwenye gari hajui kinafanya nini. Amekigusa bila kujua, gari linashikilia kasi 80. Ukigusa breki, kinajitoa.

*Umeme wa pedali.* Hapa ndipo kila mtu hupenda kuanzia, na ndiyo maana nimepaweka mwisho. Pedali ya umeme ina sensa mbili zinazosema jambo moja kwa kompyuta. Zikitofautiana, kompyuta hulipunguza gari nguvu. Utaona taa ya injini imewaka na gari linakokota kama limechoka. Yaani kosa la kawaida la umeme hulifanya gari kuwa zito, si kulikimbiza. Wahandisi wa NASA, shirika la anga la Marekani, walioombwa na serikali yao kuzichunguza Toyota walitoa jibu Februari 2011: hawakupata kosa la elektroniki linaloweza kufungua koo kwa kiasi kikubwa. Ubishi haukuishia hapo, maana mwaka 2013 jopo la mahakama huko Oklahoma liliona Toyota ina makosa kwenye kesi ya madai ya namna hiyo, na mwaka 2014 kampuni ikakubali kulipa dola bilioni 1.2 kwa kuwapotosha wateja kuhusu makapeti na pedali zile. Kwa hiyo sisemi haiwezekani. Nasema usinunue kompyuta ya shilingi milioni kabla hujavuta kapeti.

Simama na uite fundi kama pedali na kapeti viko safi na bado mwendo ulipanda hata mara moja. Usiliendeshe "kulijaribu tena."

Injini inapiga juu gari likiwa limesimama

Asubuhi injini ikiwa baridi, mizunguko 1,200 hadi 1,500 kwa dakika ni kawaida. Ikishapata joto inapaswa kushuka hadi kati ya 600 na 800. Ikibaki juu, otomatiki itasukuma mbele kwenye foleni na utadhani breki zimekuwa dhaifu.

Sikiliza kwanza. Mpira wa hewa uliopasuka hulia "ssss" chini ya boneti. Nyunyiza maji kidogo kidogo kwenye mipira, mbali na nyaya na koili. Mlio ukibadilika umepata tundu. Wapo wanaonyunyiza petroli. Injini ikiwa ya moto, unatafuta kuchoma gari.

Na swali langu la pili huwa: "Lilisafishwa lini?" Koo la umeme likishasafishwa, kompyuta bado inakumbuka jinsi lilivyokuwa na masizi, hivyo mizunguko inapanda. Lifundishwe upya kwa mashine. Mengine yatajirekebisha baada ya kuendeshwa kidogo.

Dizeli imepagawa

Hii ni ya wenye Hiace za dizeli, Pajero za zamani na malori. Injini inapanda, moshi mweupe au wa buluu umejaa barabara nzima, umetoa ufunguo na bado inanguruma. Turbo imechoka na inavujisha oili ndani, au mtu amejaza oili kupita kiasi, na sasa injini inakula oili yake kama mafuta. Ufunguo hauwezi kuizima.

Kwa manyua, gari likiwa limesimama: kanyaga breki kabisa, tia gia ya juu kabisa, achia klachi. Ife. Kwa otomatiki, njia ni kuziba mdomo wa hewa kwa ubao au kitabu kigumu. Mkono hapana, na kitambaa pia hapana, kitanyonywa. Isipozimika kwa sekunde chache, ondoka na uwaondoe watu. Injini inaweza kupasuka. Na isiwashwe tena kabla turbo haijafunguliwa.

Pedali ya breki inazama au ni laini kama sponji

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu wenye magari wengi wanaweza kuligundua hili miezi kabla halijawadhuru, na hawaangalii.

Anza na kichupa cha mafuta ya breki chini ya boneti. Kina mistari miwili, MIN na MAX. Mafuta yakishuka polepole kwa miezi, pengine ni pedi (vipande vinavyobana diski) zinakwisha na pistoni zimetoka zaidi. Kagua pedi kabla ya kujaza. Yakishuka ndani ya wiki, yanavuja. Pitia kila gurudumu, upande wa ndani wa tairi. Mstari uliolowa na kushika vumbi unaoshuka kutoka kwenye drami ya nyuma (ile ngoma ya breki) maana yake silinda ndogo ya ndani imechoka. Angalia pia mahali masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki) inapokutana na bustaa.

Kisha rangi. Mafuta mapya ni kama asali nyepesi. Yanayofika kwetu mengi ni kama chai ya rangi iliyolala. Mafuta ya breki hunywa unyevu kutoka hewani, na unyevu hushusha kiwango cha kuchemka. Aina ya mafuta iitwayo DOT 3, ikiwa mpya, huchemka kuanzia nyuzi joto 205. Ikishanywa maji, kipimo chake cha chini ni 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa imelowa. Sasa fikiria unashuka kutoka Kapchorwa, kule mlima Elgon, umepita Sipi, gari limejaa ndizi na watu, na mguu umekaa kwenye breki kona baada ya kona. Mafuta yaliyolowa yanachemka ndani ya kalipa (chuma kinachobana pedi kwenye diski), yanatoa mvuke, na mvuke hukandamizika, mafuta hayakandamiziki. Pedali inazama. Gari likipoa, breki zinarudi kama hakuna kilichotokea, na mwenye gari anaapa kwamba fundi hakuona kosa lolote. Kosa lilikuwa kwenye kichupa. Badilisha mafuta yote kila miaka 2, na kwenye mteremko shusha gia mapema, kabla ya kona ya kwanza. Likikutokea, simama nusu saa au zaidi, weka kigingi au jiwe kwenye tairi, na usimwage maji kwenye diski za moto, zinapasuka.

Mafuta yako sawa na hakuna uvujaji? Zima injini, kanyaga kwa nguvu ya wastani na ushikilie sekunde 30. Pedali ikishuka polepole, masta silinda inavuja kwa ndani, mipira yake haizuii tena. Ikiwa ukikanyaga mara ya pili pedali inapanda juu, kuna upepo kwenye mabomba, au shu za nyuma (zinazosukumwa kugusa drami) ziko mbali na drami na zinahitaji kukazwa.

Kutoa upepo si kazi ngumu, lakini vijana wengi siku hizi hufuata video za magari yenye usukani wa kushoto. Kanuni ya kale ni kuanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwetu masta iko kulia, basi la mbali ni la nyuma kushoto, si la nyuma kulia. Kitabu cha gari kikisema vinginevyo, fuata kitabu. Na ABS nyingine (mfumo unaozuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki) hazitoi upepo wote bila mashine ya kompyuta.

Onyo moja ambalo nimeligharamia: nilipokuwa nikijifunza kazi, mwenzangu alijaza oili ya usukani kwenye kichupa cha breki, chupa zilifanana. Siku ya tatu mipira yote ilikuwa imevimba kama maandazi na breki zilibaki zimeshika. Tulibadilisha masta, kalipa mbili, silinda mbili na hosi zote, kwa pesa yetu. Kikiingia kitu kisicho cha breki, usiwashe gari wala kukanyaga pedali, lipakiwe kwenye bredauni.

Pedali ni ngumu, gari halisimami

Bustaa. Zima injini, kanyaga breki mara tano hadi pedali iwe ngumu, ishikilie, washa. Inapaswa kushuka kidogo chini ya mguu wako. Isiposhuka, angalia kwanza hosi nene inayotoka injini kwenda bustaa, imepasuka au imechomoka, kisha vali yake ya njia moja. Hivyo ni rahisi. Bustaa yenyewe ikifa utasikia upepo ukilia karibu na pedali ndani ya gari, na mizunguko ya injini itabadilika ukikanyaga. Usiliendeshe hata mpaka Kampala kutafuta spea. Spea itumwe kwa basi.

Gari linavuta upande, au gurudumu moja linanuka

Upepo wa tairi kwanza. Dakika mbili.

Likivuta unapofunga breki, watu hulilaumu gurudumu la upande linakoelekea. Mara nyingi hilo ndilo linalofanya kazi. La upande wa pili ndilo lililolala, pini za kalipa zimekauka au pedi imeingiwa oili. Likivuta hata bila breki, na baada ya safari rimu moja inatoa joto na harufu ya kuungua (peleka mgongo wa mkono karibu, usiguse), breki hiyo haiachii. Fundi afungue nipeli ya upepo ya gurudumu hilo: likiachia mara moja, hosi imeziba kwa ndani au kosa liko juu yake, likiendelea kushika, ni kalipa. Mafundi wengi hubadilisha kalipa kwanza, na gari linarudi.

Baada ya kuvuka maji ya mafuriko, yale ya mtaa wa Bwaise jijini Kampala kwa mfano, drami hulowa na kuteleza. Kanyaga breki kidogo kidogo ukienda polepole mpaka zikauke. Zisiporudi, hilo ni jambo jingine.

Kelele, mtetemo na taa

Mlio mwembamba ni pedi inayokwisha. Ikibaki milimita 3 badilisha. Mkwaruzo wa chuma kwa chuma, umechelewa, na sasa unanunua diski pia. Usukani ukitetemeka unapofunga breki kwenye kasi, diski hazina unene sawa. Unene wa chini kabisa umechapwa kwenye diski yenyewe, na fundi anayetaka kuichonga bila kuipima mnyime kazi. Pedali ikigongagonga unapofunga ghafla kwenye matope, ni ABS inafanya kazi yake, endelea kukanyaga.

Taa ya ABS ya manjano peke yake: breki za kawaida zipo, nenda taratibu ukapime. Taa nyekundu ya breki: hakikisha handibreki imeshuka kabisa, kisha angalia kichupa. Bado inawaka? Gari lisimame hapo hapo. Na jirani mwenye pikapu akijitolea kulivuta kwa kamba, mshukuru na ukatae. Gari lenye breki mbovu likiwa kwenye kamba litaishia kwenye buti la anayelivuta. Subiri bredauni yenye kitanda, hata kama itafika saa mbili usiku.